Uzi wa msosi Palermo: ule nini, ule wapi, na wapi upite bila kugeuka

NahodhaWaNchiKavu
Wakuu salaam. Msimu wa watu kuja Sicily, kisiwa cha Italia, ukianza tu, simu yangu haipumui: "Mkuu, natua Palermo Ijumaa, nile wapi?" Nimechoka kuandika jibu lilelile, kwa hiyo naliweka hapa mara moja. Mlio huku mtajazia.

Kwanza mjue kwamba chakula cha Palermo kiko barabarani. Ukitua na kuanza kusaka mgahawa wenye menyu ya picha kwa lugha sita, utakula vibaya na utalipa zaidi. Via Maqueda na mitaa inayozunguka kanisa kuu imejaa sehemu zenye kijana mlangoni anayekuita kwa mkono. Mtabasamulie, endelea na safari.

Masoko ya kujua ni matatu. Ballarò, kama dakika kumi kwa miguu toka stesheni kuu ya treni, ndilo lenye uhai kuliko yote: asubuhi wauzaji wanapaza bei mpaka masikio yanawasha, samaki wamelazwa juu ya barafu, mizeituni ndooni, na katikati ya yote hayo makarai ya mafuta yanachemka. Capo liko nyuma ya jumba la opera la Teatro Massimo, unaingilia lango la Porta Carini. Vucciria mchana imebaki vibanda vichache. Uhai wake ni usiku, moshi, muziki na bia.

Anza na panelle. Ni unga wa dengu uliokorogwa na maji na chumvi jikoni mpaka ukawa mzito, ukatiwa majani ya prezzemolo (binamu wa kotmiri), ukatandazwa mwembamba, ukapoa, ukakatwa vipande na kutumbukizwa kwenye mafuta. Vinatoka vimetuna, pembeni vikavu, katikati laini. Muuzaji anavipanga vinne vitano ndani ya mkate wenye ufuta, anaminya limau, anakukabidhi kwenye karatasi. Mtu wa pwani aliyekulia bajia za dengu hahitaji kuelekezwa. Omba na cazzilli humohumo, vile vidole vya viazi vilivyopondwa na kukaangwa. Ni wanga juu ya wanga juu ya wanga, na hakuna anayejali. Unashiba kwa euro mbili tatu hivi.

Halafu sfincione. Hii msiifananishe na pizza mbele ya mwenyeji, mtagombana. Ni mkate mnene wenye mchuzi wa nyanya, vitunguu vingi, dagaa wa chumvi, jibini ya caciocavallo na chenga za mkate juu. Inauzwa kwenye bajaji za Piaggio zenye sanduku nyuma, na kipaza sauti kinachorudia tangazo lililorekodiwa, muuzaji akijisuta mwenyewe kwamba sfincione yake ina mafuta kiduchu na vumbi tele. Ukiisikia sauti hiyo, ifuate.

Na pweza. Anachemshwa kwenye sufuria kubwa, anatolewa, anakatwa mbele yako, limau, basi. Aliyezoea pweza wa Forodhani atauliza pilipili iko wapi. Haipo. Tembea na yako.

Mengine nitaendelea jioni, nawahi kazini.

kaka_wa_Tandale
Niko siti ya mbele kabisa. Ila mkuu umewezaje kuandika uzi wa Palermo bila lile dude la wali wa kukaanga?

NahodhaWaNchiKavu
Subira mkuu. Arancina ni wali uliopikwa na zafarani, ukafinyangwa tonge la mviringo ukubwa wa chungwa, ndani kuna kitu, nje chenga za mkate, kisha mafuta. Mbili za msingi ni "alla carne", yenye nyama ya kusaga na njegere, na "al burro", yenye jibini na nyama ya paja la nguruwe. Zipo za spinachi pia. Sheria yangu ni moja: usinunue iliyokaa kwenye kabati la kioo tangu alfajiri. Simama, tazama trei inayotoka jikoni, nunua hiyo. Bar Touring wanatengeneza kubwa kiasi kwamba watu wawili wanagawana bila ugomvi.

Chuo_Catania
Naona mnajipongeza. Huku Catania yetu ina ncha juu, kama mlima Etna, na ndiyo yenyewe. Nyie mnauza mpira.

NahodhaWaNchiKavu
Nilijua utakuja tu. Fungua uzi wako.

Msambweni254
Mimi niko Mombasa, nakuja huko na mzigo wa meli mwezi ujao in shaa Allah. Nimeskia kuna watu wanauza utumbo wa kuchoma barabarani kama mutura ya Nairobi. Ni kweli ama ni story tu?

NahodhaWaNchiKavu
Ni kweli kabisa ndugu yangu. Inaitwa stigghiola. Haina damu wala nyama ya kujazwa ndani kama mutura. Wanachukua utumbo wa kondoo au mbuzi mchanga, wanauosha vizuri, wanausokota kuzunguka kitunguu cha majani pamoja na prezzemolo, wanauchoma juu ya mkaa. Kazi iko kwenye moto. Mafuta yakidondoka, moshi mweupe unapanda mpaka ghorofa ya pili, na jamaa anayechoma anautaka moshi huo, ndiyo tangazo lake. Usiku ukiona wingu kwenye kona, usipige simu zimamoto, nenda na sarafu mkononi. Anakatakata kwa kisu kikubwa, chumvi, limau, unakula umesimama. Ukiupata uliokauka nje ni mtamu ajabu. Ule uliotolewa motoni haraka unatafuna kama raba, kwa hiyo mwambie "ben cotta", iive vizuri.

MamaZulekha_Muscat
Asalaam aleikum. Nasoma kwa makini kwani tunakuja na mume wangu na watoto watatu. Swali langu dogo lakini kubwa: nyama ya nguruwe inajificha wapi kwenye vyakula hivi? Sitaki kugundua nikiwa nimeshameza.

NahodhaWaNchiKavu
Waaleikum salaam mama. Swali zuri, na wenyeji hawatakwambia usipouliza. Nimwachie Ustadh, yeye ndiye bingwa wa hili.

Ustadh_Mtoni
Shukran. Mama, neno la kukariri ni "strutto", mafuta ya nguruwe. Kitimoto cha hapa hakiji kila mara kama nyama, kinakuja kama mafuta. Nakupa ninayoyajua.

Mkate wa bandama, ule wanaouita pani ca' meusa, nyama yenyewe ni ya ndama lakini inapashwa ndani ya strutto. Achana nao. Arancina al burro ina kitimoto wazi. Ile ya nyama mara nyingi huchanganywa ng'ombe na nguruwe, na hata ikiwa ng'ombe mtupu machinjo yake si yetu. Gamba la kannoli (kitamu cha gamba la kukaanga lenye jibini tamu ndani) kwa mapishi ya asili lina strutto na mvinyo wa Marsala kwenye unga. Hili huwauma watu wengi, pole. Brioche (mkate laini mtamu) na baadhi ya mikate pia huwekwa strutto, uliza: "C'è strutto?"

Kinachobaki ni kingi, alhamdulillahi. Panelle ni dengu tupu, ila uliza karai limekaangia nini kingine. Sfincione haina nyama, swali ni la unga wake. Samaki, pweza, ngisi, mabiringanya, granita (barafu laini tamu) ya limau au ya lozi. Na maduka ya nyama halali yapo Ballarò na mitaa ya karibu na stesheni, kwa ndugu wa Tunisia, Moroko na Bangladesh. Msikiti uko katikati ya mji wa kale, kwenye jengo lililokuwa kanisa zamani.

MamaZulekha_Muscat
Allah akulipe kheri. Granita watoto watakula hadi waugue.

kaka_wa_Tandale
Sisi tusio na mipaka hiyo tuelezwe huo mkate wa bandama. Naona Ustadh kaukwepa kwa heshima.

NahodhaWaNchiKavu
Haya. Bandama na mapafu ya ndama vinachemshwa kwanza, vinapoa, vinakatwa vipande vyembamba. Kwenye kibanda kuna sufuria pana limeinamishwa, mafuta yamekusanyika upande wa chini, nyama imepangwa upande wa juu. Ukiagiza, jamaa anateremsha rundo kwenye mafuta, anahesabu kimoyomoyo, analinyanyua kwa uma na kulibana kwenye ukingo mpaka lichuruzike mafuta, analisukuma ndani ya mkate wa duara wenye ufuta. Kisha anauliza: "schetta" au "maritata"? Ya kwanza ni kapera, chumvi na limau tu. Ya pili imeolewa, inaongezwa jibini. Agiza kapera mara ya kwanza ili ujue unakula nini.

Wenyeji husimulia kwamba asili yake ni wachinjaji wa Kiyahudi wa mji huu waliolipwa kwa viungo vya ndani badala ya pesa. Wayahudi walifukuzwa Sicily kwa amri ya 1492, mkate ukabaki.

Pa kwenda: Porta Carbone, pale Cala penye bandari ndogo ya mashua, au Antica Focacceria San Francesco, iliyopo tangu 1834 mbele ya kanisa la San Francesco. Hii ya pili ina meza na wageni wengi. Mimi naipenda Porta Carbone, unakula huku unaangalia milingoti.

ShangaziWaMoshi
Ladha yake ikoje? Sema ukweli.

NahodhaWaNchiKavu
Kama maini yaliyopoteza hasira. Laini zaidi, na mafuta mengi.

BabuWaMaktaba
Vijana, naingilia na historia kidogo kisha naondoka. Palermo ilikuwa mikononi mwa Waislamu tangu 831 mpaka Wanormani walipoiteka 1072. Mfalme Roger wa Pili, Mkristo, akamweka kwenye jumba lake mwanajiografia al-Idrisi, na kitabu alichomwandikia kilikamilika 1154. Ndani yake zimo Malindi na Mombasa zetu. Na kitabu hichohicho kinaeleza kwamba Trabia, pwani ya mashariki ya Palermo, palikuwa pakitengenezwa tambi kwa wingi na kupakiwa melini kwenda Calabria, kwa Waislamu na kwa Wakristo. Marco Polo alizaliwa 1254. Kwa hiyo wale wa "pasta ililetwa na Marco Polo toka China" tafadhali mtulie.

kaka_wa_Tandale
Babu umeua. Kumbe tambi na Mombasa vilikutana kwenye kitabu kimoja.

NahodhaWaNchiKavu
Asante babu, na umenipa njia ya kwenda kwenye chakula cha kukaa mezani. Agizeni pasta con le sarde. Sadini wabichi, shamari pori linalookotwa mlimani, zabibu kavu, mbegu za msonobari, zafarani, na juu chenga za mkate zilizokaangwa. Samaki na zabibu kwenye sahani moja: Mtaliano wa Milano anakunja uso, mtu wa Unguja anaona kawaida tu. Shamari bichi hupatikana zaidi mwisho wa baridi na masika ya huku, Februari mpaka Mei hivi. Ukiikuta Agosti, jua ni ya kopo au ya friza.

Jumapili nyumba nyingi hupika anelletti al forno, pasta za pete ndogo zinazookwa na nyama ya kusaga, njegere na jibini, zikakatwa kama keki. Pembe iliyoungua ndiyo inayogombewa. Caponata nayo msiikose: mabiringanya ya kukaanga, seleri, mizeituni, kapari, siki na sukari, inaliwa ikiwa imepoa. Pasta alla Norma, ile ya mabiringanya na nyanya, ni ya Catania, sitaki kesi na yule jamaa.

Pa kukaa kwa bei ya watu wa kawaida: Ferro di Cavallo, Via Venezia. Kuna kelele, meza zimebanana, huduma ya haraka. Fika kabla hawajajaa.

Mnyalu_Ughaibuni
Naongezea jambo la hela. Mie nilipigwa mchana kweupe kwenye mgahawa mmoja karibu na bahari, jina nalihifadhi. Menyu iliandika samaki euro saba, nikasema loh, rahisi. Bili ilipokuja nikaambiwa hiyo saba ni kwa "etto", yaani kila gramu mia, na samaki wangu alikuwa na uzito wa kutosha. Hakuna wizi kisheria, imeandikwa kwa herufi za sisimizi pembeni. Samaki mzima akiletwa mezani kuonyeshwa kabla ya kupikwa, uliza: apimwe, bei yake kamili ni ngapi.

NahodhaWaNchiKavu
Hili ni muhimu sana, na ni halali kumrudisha samaki ukisikia bei. Jingine linalowashtua wageni ni "coperto", euro mbili hivi kwa kichwa kwa ajili ya kukalia meza na kuletewa mkate. Si wizi, ipo kwenye menyu, kila mtu analipa. Bakshishi hulazimiki. Na hulazimiki pia kuagiza sahani ya kwanza na ya pili zote, mkitaka pasta tu agizeni pasta tu.

Saa nazo. Chakula cha mchana ni saa saba mpaka saa tisa, usiku jiko linafunguliwa saa moja na nusu au saa mbili. Katikati ya hapo migahawa mingi imefungwa, ndipo watalii wenye njaa wanapoangukia mikononi mwa wale wa menyu ya picha. Saa hizo kula vya barabarani.

ShangaziWaMoshi
Na sisi wa vitu vitamu? Mnajadili utumbo kurasa mbili nzima.

NahodhaWaNchiKavu
Shangazi usikasirike. Nenda Piazza Bellini, ingia konventi ya Santa Caterina. Masista walitengeneza vitamu humo kwa karne nyingi, na sasa duka la ndani linauza kwa mapishi yaliyokusanywa toka konventi mbalimbali za mji. Chukua kannoli, kaa kwenye ua wenye miti ya michungwa. Pazuri mpaka mtu unaongea kwa kunong'ona.

Kannoli ina kipimo kimoja tu: inajazwa ukiagiza, mbele ya macho yako. Iliyojazwa asubuhi gamba limeshanywa maji ya jibini, limelegea. Ndani ni rikota, jibini laini mbichi, ya maziwa ya kondoo, na kondoo wakiwa na majani mabichi, tuseme Desemba mpaka Mei, ndipo inakuwa na ladha. Kiangazi malisho yamekauka, maziwa yanapungua. Wajuzi wanapanda gari mpaka Piana degli Albanesi, mji wa milimani wa watu wenye asili ya Kialbania, kula kannoli kubwa za huko. Cassata mimi inanishinda, sukari imevuka mpaka, lakini keki yenyewe inapendeza machoni kama kanga mpya. Ni ya Pasaka hasa.

Asubuhi kahawa na brioche yenye aiskrimu ndani. Ndiyo, aiskrimu saa mbili asubuhi. Hakuna atakayekushangaa.

Msambweni254
Na kuna mahali mtu anaweza kupata chakula cha Kiafrika akichoka na hizi pasta? Mabaharia tunataka wali wa maana.

NahodhaWaNchiKavu
Ballarò hiyohiyo. Ndugu wa Ghana, Nigeria na Gambia wako wengi, wana vijimgahawa vya wali na mchuzi wa karanga. Kiswahili usitegemee kukisikia. Kuna pia Moltivolti, ilifunguliwa 2014, jikoni wamo wapishi toka nchi mbalimbali na menyu inachanganya vya Sicily na vya Afrika. Mchana ni mgahawa huku watu wakifanya kazi na kompyuta zao pembeni. Pazuri kwa mtu aliye peke yake asiyetaka kukaa na kuta. Ukiwa na siku ya ziada, panda basi uende Trapani ule kuskusi ya samaki. Inavukizwa nafaka kwanza, mchuzi wa samaki unamwagiwa mwisho, na Tunisia iko ng'ambo tu ya maji.

Mondello watu watawaambia mwende. Nendeni kuogelea, basi namba 806 toka uwanja wa Politeama katikati ya mji. Kwa chakula, pweza na panelle za vibandani zinatosha.

DogoWaSUA
Wakuu, nimepata nafasi ya warsha ya chuo hapo Palermo, tarehe 10 mpaka 15 Desemba. Bajeti ni ya mwanafunzi, msinitajie vitambaa vyeupe. Nitakula nini wakati huo?

NahodhaWaNchiKavu
Dogo una bahati ya mtende. Tarehe 13 Desemba ni Santa Lucia. Siku hiyo Palermo hawali mkate wala pasta. Husimuliwa kwamba mwaka 1646 palikuwa na njaa kali, meli ya ngano ikaingia bandarini siku ya mtakatifu huyo, watu kwa njaa hawakusubiri kusaga, wakachemsha nafaka nzimanzima wakala. Mpaka leo wanakula cuccìa, ngano ya kuchemsha na rikota tamu, na arancine asubuhi, mchana na usiku. Kila baa inazikaanga, za aina ambazo siku nyingine huzioni, mpaka za chokoleti. Vioski vya panelle navyo vinafanya kazi, maana unga wa dengu si unga wa ngano, ila hupewi mkate, unazila kavu kwenye karatasi.

Foleni zinaanza asubuhi mapema. Usiende za katikati ya mji, tafuta baa ya mtaa unaolala, fika kabla ya saa tano, na beba sarafu kwa sababu siku hiyo hakuna mwenye muda wa kukupa chenji ya noti ya hamsini.

Chuo_Catania
Dogo, Santa Lucia mwenyewe ni wa Siracusa, sisi jirani zake. Treni ipo. Fikiria vizuri.

NahodhaWaNchiKavu
Dogo usimsikilize. Nitumie ujumbe faragha jina la mtaa utakaofikia, nikwambie baa ya kona ipi.